Barakoa ya Mhunzi Hiza

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana hospitali ilishajengwa na jenereta lake lilishaharibika mara mbili, palikuwa na mji uitwao Kwandole. Watu wa Kwandole walikuwa na sifa mbili. Walipenda wageni kupita kiasi, na walipenda kulisha wagonjwa kupita kiasi. Kwa sifa hizo mbili nusura wamuue mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Hiza, mhunzi. Miaka arobaini alivukuta mivukuto akifua majembe na mapanga, akivuta moshi wa mkaa kwa pua na moshi wa tumbaku kwa mdomo, pasiwe na tundu lililokaa bure. Alipotimiza miaka sitini na tatu, mapafu yakamwambia basi. Siku ya Jumanne akaletwa hospitalini ameketi wima, mikono juu ya magoti, anahema kwa mabega.

"Mama Mwanahawa," akamwambia mkewe. Akapumzika. Akavuta pumzi mbili. "Nakufa."

Mkewe, Bi Mashavu, akamjibu, "Leo hufi. Kanzu zako zote chafu."

Sasa, hospitali ya Kwandole ilikuwa na mashine mpya ya kupumulisha. Ilikuwa na mpira mrefu na barakoa ya kubana pua na mdomo, na ilisukuma hewa kifuani kwa mtu aliyechoka kuivuta. Aliyeipata ni Mganga Mfawidhi, Daktari Kaniki. Miaka minne aliandika barua, akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa, akaandika nyingine. Hatimaye mashine ikaja na wageni waheshimiwa, ikafungwa utepe mwekundu, ikapigwa picha. Wageni wakaahidi kurudi Alhamisi kuiona ikifanya kazi. Kaniki akakataza utepe usifunguliwe mpaka warudi. Basi mashine ikafanya kazi imevaa utepe, kama bwana harusi anayelima.

Jumanne hiyo Kaniki mwenyewe akamvisha Hiza barakoa. Akamshika bega, akamwambia kwa upole, "Mzee, ikikuelemea, ivue mwenyewe. Una mikono na una akili zako. Tuko hapa." Mashine ikavuma. Fuu, haa. Fuu, haa. Ilipofika alasiri mabega ya Hiza yakashuka, kucha zikaacha kuwa za bluu, na mzee akaanza kusema sentensi nzima. Zote zilikuwa za malalamiko.

"Huu ni mvukuto," akasema. "Ila huyu kijana anayeuvukuta hana adabu, hapumziki hata kidogo."

Wodi nzima ikacheka. Siku ile Kaniki alimwokoa mtu, na mimi simnyang'anyi. Angeishia hapo, ningemsifu mpaka kesho.

Juu ya mashine palikuwa na karatasi. Aliiandika Sista Tatu, muuguzi wa wodi, aliporudi semina, kwa herufi kubwa za wino wa bluu. Ilisema: barakoa hii ni ya mtu aliye macho, anayekohoa mwenyewe, anayeweza kuivua mwenyewe. Si ya anayetapika. Si ya asiyeitika akiitwa. Si ya aliyevunjika uso. Mtu wa namna hiyo anahitaji mpira wa koo, apelekwe hospitali ya mkoa haraka. Ni maneno machache, mtoto wa darasa la tatu angeyasoma. Lakini Jumatano ukuta ulipakwa rangi kwa ajili ya wageni, karatasi ikabanduliwa, na rangi ilipokauka hakuna aliyeirudisha. Ukuta mweupe ulipendeza zaidi.

Ikafika Alhamisi.

Asubuhi na mapema Sista Tatu akaingia wodini. Fuu, haa. Akamwendea mzee.

"Shikamoo mzee Hiza."

Kimya.

"Shikamoo mzee!"

Hiza akafumbua jicho moja, akalifumba. Jamani, Kwandole mzee asiyeitikia shikamoo ama amekasirika ama anaondoka, na Hiza alipokasirika mji mzima ulisikia. Sista akamfinya sikio. Mzee hakulalamika. Sista akatoka mbio hadi ofisini, akamkuta Kaniki anajaribu tai ya tatu.

"Daktari, mzee haitikii."

"Amelala. Mashine imemtuliza."

"Nimemfinya, hajalalamika. Yule hulalamika hata akiota. Mashine imeanza kumshinda, daktari. Tumtoe, tumpeleke mkoani mapema."

"Sista Tatu," akasema Kaniki akijitazama kiooni, "wageni wanafika saa sita."

Sista akarudi wodini. Akafungua faili, akaandika: mgonjwa haitikii, daktari ameelezwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Akapiga mstari chini kwa rula. Kisha akaenda kupiga pasi sare yake. Mimi hapa hasira hunipanda kila nikisimulia. Ulijua, Sista! Karatasi uliiandika wewe!

Wakati huo dereva wa gari la wagonjwa, Shemboko, alikuwa vijijini. Alikuwa ametumwa kuleta vyungu vya maua vya kupanga getini kwa ajili ya wageni. Njiani akawakuta wanawake saba wa ukoo wa Hiza wanatembea juani, kila mmoja na chupa yake ya uji. Shemboko alikuwa na moyo mwepesi. "Pandeni, mama zangu," akasema. Wakapanda na chupa zao, wakakaa katikati ya maua, na gari la wagonjwa likaingia mjini linanukia arusi.

Kwa nini uji? Kwa sababu Kwandole mgonjwa hatazamwi kwa macho matupu. Kila nyumba inayokwenda kumjulia hali lazima imtie kijiko kimoja mdomoni, na lazima imwone akimeza. Ukiondoka bila kumwona akimeza, watu watasema ulikwenda kumpima sanda. Mgonjwa akiwa na ukoo mkubwa hupona upesi, au hutunga uongo kwamba amepona, ili wamwache.

Wanawake saba wakakizunguka kitanda. Wakaitazama barakoa. Wakamtazama Bi Mashavu.

"Wifi," akasema wa kwanza, "anakula wapi?"

Bi Mashavu alikuwa amekatazwa asiguse hata waya. Lakini mbele yake walisimama wifi zake saba, na wifi saba ni serikali. Akainua barakoa kidogo kwa kidole. Kijiko cha kwanza kikaingia. Hiza akameza, nusu usingizini, kwa mazoea tu. "Eeh, amemeza!" wakashangilia. Barakoa ikarudi. Fuu, haa. Kijiko cha pili kikaingia. Amemeza! Fuu, haa. Kijiko cha tatu kilikuwa cha shangazi yake Sista Tatu, na Sista mwenyewe alikuwa ameshamaliza kupiga pasi, amesimama mlangoni, anaona. Akageuka kutazama dirisha. Dirishani hapakuwa na kitu. Kijiko cha nne, cha tano, cha sita, cha saba. Amemeza, amemeza, amemeza, amemeza!

Na mashine, ambayo haikufundishwa mila za Kwandole, ikaendelea kusukuma hewa. Nyingine ikaenda kifuani, nyingine ikaenda tumboni kwenye uji. Tumbo la Hiza likaanza kupanda taratibu chini ya shuka.

Saa sita ikafika. Honi zikalia getini.

Wote wakatoka. Kaniki akatoka na tai. Sista Tatu akatoka na sare iliyonyooka. Wifi saba wakatoka kupiga vigelegele. Shemboko akatoka kulinda maua yake. Hata mgonjwa wa mguu aliyelazwa kitanda cha pili akatoka kwa magongo, maana aliahidiwa soda. Wodini wakabaki watatu: Hiza, Bi Mashavu na mashine.

Ndipo Hiza akatapika.

Akatapikia ndani ya barakoa. Mtu aliye macho angeivua, angegeuza uso, angetukana. Hiza mikono yake ililala tu. Na mashine haikujua. Kilichotoka ikakisukuma kirudi. Fuu, haa. Uso wa mzee ukawa rangi ya majivu, macho yakageuka juu.

Bi Mashavu hakuwa na semina. Herufi hakuzijua hata moja. Alichojua ni kwamba mumewe anazama kitandani, mahali pasipo na maji. Akaishika ile mikanda kwa mikono miwili, akaing'oa, akaitupa barakoa ukutani kwenye rangi mpya, akapiga ukelele uliokata ngoma ya getini katikati.

Wakaja mbio. Wa kwanza Kaniki, nyuma yake Sista, nyuma yao wageni wanashika kofia. Kaniki akamwona mzee, akaona ukuta, akaona barakoa sakafuni. Jicho lake likakaa kwenye barakoa.

"Nani ameitoa? Irudisheni! Wageni wako mlangoni!" Akaiokota, akaifuta kwa leso yake ya hariri.

Sista Tatu akasimama kati yake na kitanda.

"Hairudi," akasema.

"Sista!"

"Hairudi, daktari. Ameshatapika, na haitikii. Ukiirudisha unamjaza uji kwenye mapafu. Mwenye kuizuia barakoa hii ni hali ya mgonjwa, si mimi." Huku anasema anafanya. Akamgeuza mzee ubavu, akaingiza mpira wa kunyonya, akatoa uji, akatoa makohozi, akatoa tena. Akachukua mfuko wa mkono wa kupumulishia, akaanza kuubinya taratibu, akitazama kifua kikipanda. "Anataka mpira wa koo. Mkoani. Sasa hivi."

Mgeni mkubwa akakohoa kidogo. "Kwani mashine ni mbovu?"

"Mashine ni nzuri, mheshimiwa," akajibu Sista bila kugeuka. "Ila mgonjwa si wake tena."

Kaniki akanyoosha tai yake. Akasema gari lipo, lakini linahitaji kibali, na kibali kinahitaji saini yake, na saini yake itapatikana mara tu baada ya wageni kupata chakula.

Shemboko alikuwa amesimama dirishani, anasikia. Hakungoja kibali. Akalirudisha gari kinyumenyume hadi mlango wa wodi, akambeba Hiza kwa mikono yake, akampandisha pamoja na Sista na mfuko wake na mtungi wa oksijeni. Magari ya wageni yalikuwa yameziba njia. Palibaki penye upinde wa maua, ule alioujenga mwenyewe kwa yale maua aliyoyaleta. Akapita hapohapo. Upinde ukaenda na gari. Njia ya saa mbili akaikata kwa saa moja na robo, anamwaga maua kila kona, na nyuma Sista anabinya mfuko, anabinya, anabinya, mpaka vidole vikachubuka na kufa ganzi.

Huko mkoani Hiza akatiwa mpira wa koo, akalala na mashine ya aina nyingine siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mpira ukatolewa. Neno lake la kwanza lilikuwa lalamiko.

Na wageni? Wageni walikula. Kisha wakapiga picha na mashine, karibu na kitanda kitupu, shuka limebadilishwa. Wakaipa hospitali cheti cha utendaji bora. Kikatundikwa kwenye ule ukuta, juu ya mashine, mahali pa ile karatasi. Sista alipewa barua ya onyo, na Shemboko akapewa ya kwake, zote kwa mwandiko wa Kaniki, ambaye kwa barua alikuwa bingwa.

Haya. Hiza akarudi Kwandole, sauti imekwaruza, mbavu zinahesabika. Akakuta binti yake Mwanahawa amejifungua mtoto wa kwanza, msichana. Kwandole jina la mjukuu wa kwanza hutolewa na babu, na likishatolewa, mwenye jina anakuwa mtu wa nyumba ile mpaka kufa. Atakuwa mbele arusini, mbele msibani, na neno lake halirukwi. Hakuna heshima inayoipita.

Hiza akatangaza: "Mtoto ataitwa jina la aliyenirudishia pumzi. Na awe mmoja. Sitaki mtoto wa majina manne kama mwenye pasipoti."

Siku ya saba wakaja wote wanne, wamevaa vizuri.

Kaniki akasimama kwanza, kwa sababu alizoea. "Mtoto aitwe Kaniki. Nani aliandika barua miaka minne? Mimi. Nani alikuvisha barakoa Jumanne, ukiwa macho, ukiwa wa kuvishwa? Mimi. Bila Jumanne yangu, hawa wangeokoa nini Alhamisi? Maiti?"

Bi Mashavu akacheka kwa pua. "Jumanne ulimvisha mtu. Alhamisi ulivisha picha. Aitwe Mashavu. Mlikuwa getini wote mnapunga vitambaa, na aliyeng'oa lile dude ni mimi, peke yangu, niliyekatazwa hata waya. Ningengoja mwenye semina, leo ningekuwa edani."

Sista Tatu akasema, "Mama, ulitoa ulichokijaza. Vijiko saba vilipita kwenye kidole chako. Aitwe Tatu. Barakoa ilikuwa inarudi usoni kwake, imeshafutwa kwa leso. Mimi ndiye niliyesema hairudi, mbele ya wakubwa, na barua ya onyo ninayo. Na pumzi alizovuta njiani zote zilitoka kwenye vidole hivi."

Shemboko akavua kofia. "Sista, hayo ya saa sita uliyajua tangu asubuhi. Uliyaandika vizuri, ukapiga mstari, ukapiga pasi. Mimi sijui dawa. Ila mngebaki mnabishana na kubinya mpaka jioni, mzee angekufa huku karatasi zinasainiwa. Aitwe Shemboko. Mimi nilivunja upinde wa maua yangu mwenyewe."

Kaniki akadakia, "Na wale wenye uji walifika kwa gari la nani?"

Shemboko akarudisha kofia kichwani.

Zogo likazuka hapo, kila mmoja na kidole kwa mwenzake, mpaka Mwanahawa akatoka ndani na mtoto begani. Mwanamke huyu hakuwa mpole kama mnavyodhani.

"Tulieni," akasema. "Nimewasikiliza. Kila aliyemwokoa baba yangu, alikuwa kwanza amemsukuma shimoni. Mmoja kwa wageni, mmoja kwa wifi, mmoja kwa woga, mmoja kwa huruma ya kubeba watu. Kisha kila mmoja akanyoosha mkono kumtoa, na mmoja tu asingenyoosha, baba angekuwa kaburini. Baba, toa jina, mtoto alale."

Hiza akamtazama Kaniki, akaukumbuka mkono wake begani. Akamtazama mkewe. Akamtazama Sista, vidole vyake bado vina bandeji. Akamtazama Shemboko.   Jamani, mtu ambaye hakuwahi kukosa neno la kulalamika, siku ile alikosa. Akatutazama sisi tuliojaa uani, akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Mimi nilikuwa usingizini. Ninyi ndio mlioona. Semeni."

Nasi tukatazamana. Maana tuliokuwa uani ni walewale tuliokuwa getini, na vigelegele tulipiga.

Basi nawaachia ninyi, mkiwa mmekaa hapo na macho makavu. Msinijibu kwamba mtoto apewe jina la mashine, hilo limeshasemwa na walevi. Msinijibu wote wanne, babu amekataa. Mtoto ana siku saba, analia, hana jina, na nyumba nzima inangoja kujua ni nani atakayeheshimiwa humo mpaka kufa. Na wewe utakayejibu upesi, kwanza tuambie siku ile honi zilipolia ungekuwa upande gani, getini au kitandani. Ukishatuambia hilo, tuambie na hili: kati ya aliyeivisha, aliyeing'oa, aliyeizuia na aliyekimbiza, je, nani alistahili?